UZI: Mradi wa watoto wagonjwa umefungwa, picha zimepigwa, lakini mtoto mwenyewe amesaidika?

Mama Twaha (Busia)

Wandugu habari zenu. Huu uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite tu atarudi jioni.

Mimi niko Busia, upande wetu wa Uganda, na kazi yangu ni kuzunguka na tableti nikiuliza watu maswali. Miradi ikija wananiita, ikiisha narudi kwa kaduka kangu. Nimezunguka Busia, Tororo, Mbale, hadi Kamuli nimefika. Alafu mimi pia ni mzazi, kifungua mimba wangu ana sikoseli (selimundu), sasa ana miaka 14, kwa hiyo haya mambo nayajua ya kwenye fomu na nayajua yale ya saa nane usiku mtoto analia miguu na boda hazipiti.

Ijumaa kulikuwa na sherehe ya kufunga mradi mmoja, siutaji jina na naomba msiniulize. Ulikuwa wa watoto wenye magonjwa ya kudumu na ulemavu, wanapewa mazoezi, wazazi wanafundishwa, vifaa vinatolewa. Turubai, soda, fulana mpya, mgeni rasmi. Ripoti ikasomwa: watoto wangapi wamesajiliwa, wazazi wangapi wamehudhuria mafunzo, viti vingapi vimegawiwa. Makofi. Mimi nimekaa pale nyuma najiuliza, mbona hakuna hata sentensi moja inayosema mtoto fulani leo anaweza nini ambacho mwaka jana alikuwa hawezi?

Maana hao watoto kwao nimeingia. Kuna nyumba moja, mtoto wa kike wa miaka 6 ana mtindio wa ubongo, fomu yangu inauliza amepata kiti maalumu? Ndiyo. Kiko katika hali nzuri? Ndiyo, tena kizuri sana, kimefunikwa kitenge pembeni ya kabati. Fomu imeishia hapo lakini mimi nikaongeza langu, nikamuuliza mama anakikalia saa ngapi? Akanyamaza kidogo, akasema mkija nyinyi ndo namkalisha, kwa sababu hicho kiti hakipiti mlango wa jiko na mimi niko jikoni ama shambani kutwa, nikimwacha sebuleni peke yake analia mpaka anakohoa. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye mkeka pale kizingitini pa jiko, mahali anapomuona mamake, na kila mama akipita anamtafuta kwa macho. Kwenye ripoti yule ni mafanikio, kiti kimoja, hali nzuri. Hakuna mahali kwenye fomu pa kuandika mlango wa jiko.

Ndo nauliza, hii miradi ya kuwarudishia watoto uwezo (wengine wanaita rihabu, kwa Kiswahili cha vitabu ni utengamao) tunaipimaje? Mimi mawazo yangu ninayo na nitayasema, ila nataka kusikia wauguzi, walimu, wazazi, na wenye ugonjwa wenyewe.

Nesi wa Arua

Mama Twaha hapo kwa kiti umenigusa, nimeona mengi ya hivyo huku West Nile. Lakini ngoja nitetee watu wa hospitali kidogo. Sisi tunapima bwana. Mtoto wa kisukari tunampima kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, hata akifunga kula siku ya kliniki ili aonekane mzuri hatudanganyi. Wa sikoseli tunaangalia damu, tunahesabu amelazwa mara ngapi, ameongezwa damu mara ngapi. Na kwa kliniki yangu watoto wakishaingia programu mwaka wa kwanza wanalazwa mara chache kuliko mwaka wa nyuma. Sasa huo si ushahidi?

Mama Twaha (Busia)

Nesi asante, na vipimo vya damu sivikatai hata kidogo, bila hivyo tunabaki na hisia tu. Lakini hapo kwa "mwaka wa kwanza wanalazwa mara chache" naomba tusimame kidogo, hapo ndo watu wengi wanateleza, na mimi niliteleza miaka.

Mtoto anasajiliwa lini? Wa kwangu alisajiliwa baada ya kulazwa mara tatu ndani ya miezi miwili, nimechoka, nimechanganyikiwa, mtu akaniambia kuna programu nikakimbilia. Wengi wanaingia hivyo, wakati wako pabaya kabisa. Na sikoseli inakuja kwa mawimbi, pumu vilevile, kifafa vilevile. Mtu ukimshika juu ya wimbi, hata usipomfanyia kitu baada ya miezi atakuwa ameshuka chini kidogo. Ukimpima siku ile na ukampima baada ya mwaka utasema programu imefanya kazi, kumbe ni wimbi limetulia lenyewe. Sisemi programu yako haifanyi kazi dada yangu, nasema hesabu ya kabla na baada peke yake haiwezi kutuambia.

Mfano wa hapa hapa kwetu ni Gulu. Huko walifanya utafiti wa watoto ambao moyo umeanza kuguswa na ule ugonjwa unaotokana na koo lisilotibiwa vizuri, lakini bado hawajaanza kuumwa. Watoto 818, umri wa miaka 5 hadi 17, kura ikaamua nani anachomwa sindano ya penisilini kila wiki 4 na nani anafuatiliwa bila sindano. Matokeo yakatoka 2021. Baada ya miaka 2, kwa waliochomwa ni watoto 3 tu hali yao ilizidi kuwa mbaya, kwa wasiochomwa 33. Hiyo ni tofauti kubwa mno na imeokoa watoto. Sasa angalia upande mwingine ambao watu wengi hawausemi: katika makundi yote mawili, karibu nusu ya watoto moyo ulionyesha nafuu. Yote mawili! Yaani wangekuwa na kundi la sindano peke yake, wangeandika kwenye ripoti kwamba sindano imeponya nusu ya watoto, na ingekuwa uongo bila mtu yeyote kukusudia kudanganya. Sindano ilizuia moyo kuharibika zaidi, hiyo ndo kazi yake, na tumejua hivyo kwa sababu kulikuwa na wa kulinganisha nao.

Hiyo ni tiba na huku tunaongea utengamao, lakini ukienda kupima ni mtego ule ule.

Bakari wa Bombo

Mama Twaha nakuheshimu lakini hapa sikubaliani na wewe. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi kidogo cha wazazi hapa Bombo, tuna watoto kumi na kitu, wengine mtindio wa ubongo, wengine kifafa, wawili kisukari. Unataka niende kwa mama mwenye mtoto nimwambie wewe mwanao tunamwacha hivyo hivyo tupate wa kulinganisha naye? Mtoto wa mtu anateseka wewe unamfanya kipimo? Mimi kwa dini yangu siwezi.

Mama Twaha (Busia)

Kaka Bakari nakuelewa, na mimi kama mzazi ningekufukuza nyumbani kwangu kabisa ukiniambia hivyo.

Lakini tuangalie hali ilivyo. Mradi ukija una pesa ya subcounty mbili, wilaya ina subcounty chungu nzima. Zile zingine watoto wake tayari wanangoja, tena wanangoja bila kuandikwa popote, na nani anaanza inaamuliwa na nani anamjua nani. Kamuli kuna programu inaitwa Akwenda, ya watoto na vijana wenye mtindio wa ubongo, wao waligawanya makundi mawili, moja likaanza huduma mara moja, la pili likaandikwa, likapimwa, likangoja zamu yake, alafu na lenyewe likahudumiwa. Hakuna aliyeachwa. Wakati wa kungoja ndo unakuwa kipimo. Na kura ikipigwa mchana mbele ya watu, LC1 (mwenyekiti wa kijiji) yuko pale, wazazi wanaikubali kuliko orodha iliyotoka kwa simu ya mtu.

Alafu kuna utafiti wa hospitali ya Mulago, Kampala, wa dawa ya haidroksiyurea kwa watoto wa sikoseli. Kuna watu walikuwa na wasiwasi kwamba hiyo dawa kwa nchi yenye malaria kama yetu ingeweza kuwaongezea watoto malaria. Sasa hapo kuwapa wote bila kulinganisha ndo ingekuwa kuwajaribia wote gizani. Wakagawa, nusu dawa, nusu kidonge kisicho na dawa, mwaka mmoja, malaria haikuzidi kwa wenye dawa, na mwaka uliofuata hata wale wengine wakapewa dawa. Leo mwanangu anameza hiyo dawa kila siku na mimi nalala. Wale wazazi waliokubali watoto wao waingie kwenye ile kura mimi siwajui, lakini nawaombea.

Kijana Shujaa (Jinja)

Shikamooni wakubwa. Mimi nina miaka 19 na nina sikoseli mwenyewe, nimesoma uzi wote na kuna kitu kinanichoma nataka nikiseme.

Nikiwa na miaka 13 niliwekwa kwenye programu moja. Kila baada ya miezi anakuja dada na fomu, tunakaa sebuleni, mimi niko pale kwenye stuli, na anamuuliza mama. "Anaweza kukimbia?" Mama anasema hawezi. "Ana marafiki?" Mama anasema hana, anakaa peke yake. "Ana huzuni?" Eee huyu ana huzuni sana. Mimi niko pale nasikiliza mtu mwingine kabisa anasimuliwa. Marafiki nilikuwa nao, walikuwa wanakuja mama akienda sokoni kwa sababu alikuwa anawafukuza akiogopa watanichosha. Na kitu kilichokuwa kinaniumiza kuliko hata mifupa hakikuulizwa hata siku moja. Nilirudia P.6 (darasa la sita) kwa ajili ya kukosa shule, mdogo wangu akanifikia, tukawa darasa moja, dawati moja. Mwalimu akisoma majina yetu yamefuatana. Kwenye fomu zao nilikuwa naendelea vizuri kwa sababu damu yangu ilipanda.

Nampenda sana mama yangu, msinielewe vibaya. Ila yeye alikuwa anajibu woga wake.

Mama Twaha (Busia)

Mwanangu, nimesoma hii nikakaa chini. Kwa sababu huyo mama ni mimi. Mimi nimejibia Twaha miaka mingi na nilidhani ndo mapenzi.

Ulichosema kinajulikana kwa wanaopima, mzazi na mtoto wakiulizwa maswali yale yale hawajibu sawa. Vya nje kama kutembea, kuoga, wanakaribiana. Vya ndani kama woga, aibu, upweke wanatofautiana, na mara nyingi mzazi wa mtoto mgonjwa anaona giza zaidi ya mtoto mwenyewe. Kwa hiyo ukipima kwa mzazi tu, unaweza kuwa umepima kama mzazi ametulia, na hiyo nayo ni kitu kizuri ila iandikwe kwa jina lake. Kuna dodoso linatumika sana duniani, linaitwa PedsQL, lina maswali 23 ya mwili, hisia, wenzake na shule, kuna la mtoto kuanzia miaka 5 na kuna la mzazi, unauliza mwezi uliopita, alama zinatoka 0 hadi 100. Ni zuri, na lina shule ndani, ingekusaidia wewe mwanangu. Yenyewe mabadiliko yakiwa chini ya pointi 4 na nusu hivi mtoto hata hayasikii, na mimi nimeshaona ripoti inashangilia pointi 2.

Lakini sasa kuliuliza kijijini! Swali la kwanza kabisa linauliza kama ni vigumu kutembea kupita bloku moja ya nyumba, zile za miji ya Marekani. Tukalitafsiri "mtaa mmoja". Nikamuuliza msichana mmoja kule karibu na Lumino, nyumba yao na ya jirani katikati kuna shamba la mihogo, ananiangalia tu, mtaa uko wapi? Kila mtu alikuwa anajibu la kwake. Ikabidi tukae na VHT (wahudumu wa afya wa kijiji) na akina mama tukubaliane mahali ambapo kila mtoto anapajua, tukasema kutoka nyumbani hadi kwenye bomba la maji la kijiji, na umbali tukauandika kwa kila kijiji maana bomba zingine ziko mbali mno. Ilituchukua siku nzima kwa sentensi moja na ile siku naiona ni kazi bora niliyowahi kufanya. Wataalamu wetu wa hapa Uganda walifanya kitu kama hicho kwa dodoso lingine la Marekani, PEDI, linaloangalia mtoto anajilisha, anajivalisha, anajisogeza vipi, wakalipitia na kubadilisha vitu visivyo na maana kwa maisha ya huku, ikatoka PEDI-UG, ilichapishwa 2018. Kwa nini miradi mingi bado inakuja na karatasi kutoka mbali kama vile hiyo haipo, mimi sielewi.

Na kijana akiwa mkubwa aulizwe peke yake, nje, chini ya mwembe, mzazi amuone kwa mbali ila asimsikie. Nimejaribu. Kuna mvulana alijibu "sijambo sijambo" sebuleni maswali yote, tukatoka nje akaongea saa nzima.

Mwalimu Mstaafu (Mbale)

Vijana na akina mama hamjambo. Mimi mwanangu anaishi Ujerumani, mjukuu wangu ana pumu, alipelekwa mahali kwa matibabu ya namna hii wiki nne, na mamake alikwenda naye wakalala huko huko. Wanafundishwa kupumua, mazoezi, kutumia ile dawa ya kuvuta, tena masomo yanaendelea. Niliambiwa anayelipa ni mfuko wa pensheni, nikashangaa, mtoto wa miaka tisa ana pensheni gani? Mama Twaha hilo unalijua? Na kwa nini sisi tusiige hilo?

Mama Twaha (Busia)

Shikamoo mwalimu. Ndiyo, ndivyo walivyo. Huko mfuko wa pensheni unalipa kwa sababu mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu asiposaidiwa mapema atakuwa mtu mzima asiyeweza kufanya kazi na kuchangia mfuko, na tangu mwisho wa 2016 sheria yao imelifanya kuwa jukumu la lazima la mfuko, hawawezi kulikwepa. Kawaida ni wiki nne na mtoto wa chini ya miaka 12 anaweza kusindikizwa na mzazi. Hilo la kufikiria mtoto kama mfanyakazi wa kesho mimi nalipenda sana, huku bado tunampa mtoto mgonjwa huruma na soda.

Lakini kwa kupima hapo pana mtego mwingine. Mtoto wa pumu umempeleka mahali pa hewa safi, hakuna vumbi, hakuna jiko la kuni, chakula kwa saa, fizio kila siku, dawa anakumbushwa. Siku ya kutoka lazima awe mzuri! Ukimpima siku hiyo umepima ile nyumba nzuri aliyokuwa anakaa. Mtoto mpime baada ya miezi 6, baada ya 12, akiwa kwao, kwenye kitanda chake, na shule yake. Huku kwetu ni zaidi. Mama wa Namayingo anatoka kulala wiki kadhaa kituoni Kampala na mtoto, wamefundishwa vizuri kabisa, anarudi kwenye nyumba ya chumba kimoja na watoto wengine wanne, mume amekasirika kazi za shamba zimelala, na mazoezi ya kumnyoosha mtoto yanataka dakika 40 asubuhi na 40 jioni. Wiki ya kwanza anafanya. Mwezi wa tatu nenda uone. Ukikuta bado anafanya hata nusu, hapo ndo uandike programu imefaulu, na umuulize amewezaje, kwa sababu siri ya programu iko kwake.

Kwa hiyo mwalimu, kabla hatujaiga wiki nne mimi ningeanza kwa kuiga kumfuata mtoto nyumbani baadaye, ni bei nafuu kuliko jengo.

Nesi wa Arua

Na wale ambao ukienda baadaye huwakuti? Hilo linanisumbua. Tukianza kliniki na watoto sitini, mwisho wa mwaka tunapima arobaini, wale ishirini tunaandika wamepotea, maisha yanaendelea. Wengine wamehamia Koboko, wengine Kongo, wengine sijui.

Mama Twaha (Busia)

Nesi, hilo nilikuwa nalizunguka tangu asubuhi.

Nilitumwa kumtafuta mtoto wa kiume, miaka 4, mtindio wa ubongo, kipimo cha mwisho cha mradi. Nimefika, nyanya yake anachambua maharage uani. Nikasalimia, nikamtaja mtoto kwa jina, akanyanyuka bila kusema neno, akanipeleka nyuma ya nyumba, kuna migomba, chini yake udongo umeinuka kidogo, kifupi, na juu kuna kikombe cha plastiki cha kijani. Akasema kilikuwa cha uji wake. Ilikuwa miezi minne imepita na hakuna mtu wa mradi aliyejua. Kwenye tableti kulikuwa na machaguo matatu tu, amepimwa, amekataa, hakupatikana. Nikabonyeza hakupatikana. Mpaka leo najutia ile "hakupatikana", maana alipatikana.

Na hawa ni wengi. Iganga na Mayuge waliwafuatilia watoto wenye mtindio wa ubongo miaka kadhaa, wakakuta wanakufa mara 25 zaidi ya watoto wengine wa vijiji vile vile. Mara 25. Sasa wewe uwe na mradi wa watoto hao hao, mwisho wa mwaka upime waliobaki, waliobaki ndo wenye nguvu zaidi, wastani unapanda, unaandika maendeleo. Umewapandisha wastani kwa kuwazika. Mimi ningekuwa na mamlaka, ripoti ambayo haijasema kila aliyekosekana yuko wapi ningeirudisha bila kuisoma. VHT anajua. Nyanya anajua. Ni kuuliza tu na kulipa boda ifike.

Bakari wa Bombo

Pole sana Mama Twaha. Pole ya kweli.

Sasa niseme ukweli wangu. Sisi hatuna tableti wala mtaalamu wa hesabu, tuna daftari la kaunta na watoto kumi na wawili, kila mmoja na shida yake. Kura hapo nitapiga ya nini. Wa kifafa na wa kisukari nitawapimaje kwa fomu moja? Nisaidie kitu ambacho naweza kuanza Jumamosi.

Mama Twaha (Busia)

Kaka Bakari, watoto kumi na wawili wenye shida tofauti usiwatafutie wastani, hautakuambia kitu. Kuna njia ya zamani, tangu 1968 inatumika, ya kila mtoto na lengo lake. Unakaa naye na mzazi wake, mnachagua jambo moja ambalo yeye analitaka kwenye maisha yake, alafu mnaandika ngazi tano kabla hamjaanza chochote. Sifuri katikati ndo pale mnapotarajia afike kwa muda mliopanga. Kujumlisha moja na mbili ni akipita matarajio, kutoa moja na mbili ni akibaki chini. Miezi ikifika mtu mwingine asiye wewe anaenda kuangalia yuko ngazi gani. Sharti ni ngazi ziandikwe kwa maneno ya kitu kinachoonekana kwa macho, usiandike "atajiamini zaidi", nani ataona kujiamini? Na usimwekee lengo rahisi ili upate alama.

Nikupe wa kweli. Mvulana wa miaka 12, P.5, kisukari cha kuchoma insulini, mara nne kwa siku. Nyumbani wanaiweka kwenye mtungi wenye mchanga na maji, inakaa baridi, mama yuko makini. Sukari yake kwenye kipimo mbaya na kila mtu anamlaumu kwa kula miwa. Nilipokaa naye nje akaniambia anachotaka: "nataka kuchoma ya mchana bila kwenda chooni." Sikumuelewa. Kumbe shuleni ya saa saba anaenda kuchomea kwenye choo cha shimo, mlango hauna komeo, anaushikilia kwa mguu, inzi, harufu, na siku kuna foleni haendi kabisa. Aliwahi kuitwa mvuta madawa wakamcheka. Kliniki walikuwa na namba zake zote za sukari na hakuna aliyejua kuhusu mguu kwenye mlango.

Tukaandika. Kutoa mbili, hachomi kabisa akiwa shule. Kutoa moja, anachomea chooni, ndipo alipokuwa, tena siku zingine anashuka kwenye mbili. Sifuri, anachomea ofisi ya walimu kila siku ya shule. Kujumlisha moja, rafiki anajua na anakuwepo. Kujumlisha mbili, anawaeleza darasa lake yeye mwenyewe. Kazi ya mradi hapo ikawa ni nini? Si mazoezi wala fulana. Ilikuwa kwenda kuongea na mwalimu mkuu, mara mbili, na kumfundisha mwalimu wa darasa dalili za sukari kushuka. Nauli ya boda tu.

Kaka, hiyo ndo uianze Jumamosi. Ukurasa mmoja kila mtoto, tarehe, ngazi tano, na siku ya kurudi iandikwe hapo hapo, umpe nesi wa hapo kwenu au mwalimu wa shule ndo arudi.

Kijana Shujaa (Jinja)

Mama, na huyo wa insulini alifika wapi?

Mama Twaha (Busia)

Mwanangu, nilirudi baada ya miezi sita, mradi umeshafungwa, nimekwenda na pesa yangu. Sikumkuta nyumbani nikaenda shule, ilikuwa karibu na saa saba. Hakunijibu maswali, alinishika mkono akanipeleka ofisi ya walimu, kwenye dirisha la nyuma kuna kopo la siagi lililooshwa, ndani bomba lake la sindano na kipande cha sabuni, juu ameandika jina lake kwa kalamu nyekundu. Akanawa, akainua shati, akachoma, mwalimu mmoja anasahihisha madaftari pale hata hakuinua kichwa. Mlangoni kulikuwa na mtoto mwingine amesimama anaangalia saa ya ukutani. Nikamuuliza huyo ni nani. Akasema huyo ananihesabia dakika, nikimaliza tunaenda kula posho (ugali) pamoja.

Nikaandika kujumlisha moja. Hilo la darasa anasema bado, labda term ijayo.

Kaka Bakari niandikie pembeni nikutumie ukurasa wenyewe ulivyo.